Ndege Isiyotaniwa Haina Mwenyewe

Ukitaka kujua fundi wa ndege za jeshi anapenda ndege gani, we msikilize tu anaisimanga ipi. Ndege asiyoijua ataisifia kama mgeni, ataitaja kwa jina lake rasmi, atakwambia nzuri sana ile, basi. Ila ile anayoamka nayo saa tisa usiku, anayojua inavujia wapi na baridi ikizidi inagoma nini, hiyo ataiita majina ambayo siwezi kuyaandika yote hapa, na ole wako wewe usiyehusika uyarudie mbele yake.

Nimekuwa fundi upande wa C-130 kwenye Jeshi la Anga la Marekani, kituo cha Dyess, mji wa Abilene, Texas. Nilikuja Marekani na familia kwa ile bahati nasibu ya grini kadi, na mwenye grini kadi anaruhusiwa kujiunga na jeshi hata kama uraia bado, kwa hiyo nikapita Lackland kule San Antonio kwenye mafunzo ya awali, alafu Sheppard, Wichita Falls, ambako mafundi wengi wanafundishwa kazi, alafu ndo Dyess. Ndugu zangu Tabora wakipiga simu wanataka habari za vita na mabomu. Nawaelewa, hata mimi kabla sijaingia ndo hivyo nilivyokuwa nafikiria. Lakini nawaambia ukweli, sehemu kubwa ya maisha yale ni kusubiri, kufuta mafuta, kujaza fomu, kusubiri tena, na katikati ya yote hayo kutaniana kuanzia zamu inaanza mpaka inaisha, na utani wenyewe asilimia kubwa ni wa ndege.

Mi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo nililelewa ndani ya utani, Wazaramo ni watani zetu tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na Mtanzania yeyote anayesoma hapa hana haja ya kuelezwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe na ukacheka. Kwenye msiba anavaa nguo za marehemu, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia njia mpaka mumlipe, na huyohuyo ndo anayeshika jembe kuchimba kaburi. Nilipofika Dyess sikufundishwa na mtu jinsi ya kuishi na wale watu, niliona tu, ah, hawa ni watani.

Manake Dyess ina makabila mawili. Kuna watu wa B-1, ile ndege ya kudondosha mabomu, ndefu, nyembamba, mabawa yake yanakunjwa kwenda nyuma ikitaka mbio, na kuna sisi wa C-130J, ndege ya mizigo yenye propela nne. Uwanja mmoja, kantini moja, duka moja la kununua soksi. B-1 inaitwa Mfupa, Bone, kwa sababu zamani mtu aliandika B-One na wengine wakaisoma hivyo, jina likaganda. Sisi tunaitwa wazoa taka. Ndivyo watu wa ndege za kivita na za mabomu wanavyowaita watu wa mizigo popote Marekani, na sijaona mtu wa mizigo aliyekasirika, wengine wameshona kabisa kwenye beji.

B-1 ikiwasha moto wa ziada kwenye injini zake nne wakati wa kupaa, kifua kinatetemeka, kikombe cha kahawa kinatembea mezani. Basi mtu wa B-1 akipita karibu na hangari yetu muda huo atasimama, atanyoosha kidole juu, atasema hiyo ndo ndege, nyie hapo mna mafeni. Na sisi jibu letu lipo siku zote, tunamuuliza, hiyo moja imepaa, zile nyingine je? Wenyewe wanajua. Mwaka 2019 jenerali mmoja aliwaambia maseneta hadharani kwamba B-1 zilizokuwa tayari kabisa kwa kazi wakati ule ni 6 tu kwa jeshi zima, kwa sababu zilikuwa zimetumikishwa miaka mingi Afghanistan, Iraq na Syria bila kupumzishwa vya kutosha. Hiyo namba 6 tulikuwa tunawakumbusha kila kitu kikihesabika, ukipanga foleni ya chakula na wao utasikia mtu anahesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, haya wengine rudini hangari. Sasa mtu wa nje anaweza kuona ni dharau. Mi nilichokuwa naona ni kwamba tunajua. Tunajua mafundi wa B-1 wanakesha kwenye ndege ya miaka ya 80 ambayo vipuri vyake vingine hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena, na kuwatania ndo njia tuliyokuwa nayo ya kuwaambia tunawaona.

Upande wetu tuna mengi ya kujisifia. C-130 ya kwanza iliruka tarehe 23 Agosti 1954 na mpaka leo kiwanda bado kinaitoa, ya sasa ni J yenye propela za panga sita. Mwaka 1963 waliipeleka C-130 ya mafuta kwenye meli ya kubebea ndege, USS Forrestal, ikatua na kusimama mara 21 na kupaa mara 21 bila kile chuma cha nyuma cha kudakia waya na bila kurushwa na mtambo, na ubavuni walikuwa wameandika kwa rangi, mama angalia, sina ndoano. Yaani hata rekodi yenyewe ilikuja na utani wake! Hiyo habari kila kijana mpya wa C-130 anaijua ndani ya wiki ya kwanza, kabla hajajua hata choo kiko wapi.

Kuna hadithi nyingine ya kale, kila mtu anaisimulia kama vile aliyeyaona ni yeye. Rubani wa F-16, ndege ya kivita yenye mbio, amepewa kazi ya kuisindikiza C-130, amechoka na ule mwendo, akaanza mbwembwe, akabiringika, akapanda wima, akashuka, akarudi pembeni, akauliza kwenye redio, umeona hiyo? Wa C-130 akamjibu, nzuri, sasa angalia hii. Dakika tano zikapita, ndege iko vilevile, mwendo uleule. Wa F-16 akauliza, kwani umefanya nini? Akajibiwa, nimesimama nimenyoosha miguu, nimeenda nyuma kukojoa, nimejimiminia kahawa, nimerudi. Nimeisikia Texas, nimeisikia kwa Mwingereza, nina uhakika kuna mtu mahali fulani anaisimulia kwa kireno.

Ila kuna habari moja ya C-130 ambayo mimi huwa siitanii. Wenzangu wakijua natoka Afrika Mashariki wanakuja na Entebbe, Julai 1976, C-130 za Israel zilivyoruka usiku mpaka Uganda kuwachukua mateka na wakati wa kurudi zikajaza mafuta Nairobi. Kama kazi ya urubani ni kitu kikubwa sana, sibishi. Lakini usiku ule walikufa pia askari wa Uganda, vijana wa jirani zetu waliokuwa zamu, na mimi nimekaa meza moja na Waganda. Nilimwambia hivyo sajenti wangu, kwa upole tu, akaelewa, na hiyo mada ikawa inasimuliwa kama historia, kicheko kikatoka. Mtani mzuri unamjulia hapo, akiambiwa hapa pana kidonda anapazunguka.

Siku yenyewe inaanza na kuokota takataka. Sitanii, mnajipanga mstari mmoja bega kwa bega, mnatembea polepole kwenye eneo la kuegesha ndege macho chini, unaokota kijiwe, skrubu, kipande cha waya, mfuniko wa soda. Mgeni anaona ni adhabu. Sio adhabu. Mwaka 2000 pale Paris kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine kilipasua tairi la Concorde, ile ndege ya abiria, mpira ukapiga tenki la mafuta, wakafa watu 113. Injini ya ndege inavuta kila kilicho mbele yake, kwa hiyo ule mstari wa asubuhi ni kazi ya maana kama kazi nyingine yoyote ya siku ile, na utani mwingi wa siku unazaliwa hapo kwa sababu ndo muda pekee watu wote mko pamoja mnatembea mwendo wa arusi.

Alafu vifaa. Kila spana na kila tochi ina kitanda chake kwenye sanduku, kilichokatwa umbo lake, ukifungua unaona mara moja kipi hakipo. Kikikosekana kimoja, hata kibisibisi, kazi inasimama, ndege hairuki, watu wote mnatafuta. Hapo hakuna anayetania. Kikipatikana mfukoni mwa mtu, hapo sasa utani unaanza na hautaisha mpaka huyo mtu ahamishwe kituo.

Na fomu. Kila ndege ina kitabu chake cha fomu, na humo kuna alama ya X nyekundu. Fundi akiiandika, hiyo ndege haiendi popote, hata rubani awe na nyota ngapi begani, mpaka kasoro irekebishwe, ikaguliwe na mwenye mamlaka aweke saini. Mi hii kitu iliniheshimisha sana kazi yangu. Kijana wa cheo cha chini kabisa mwenye tochi na kitambaa anaweza kumzuia kanali. Ndo maana huku tunasema ndege ni ya fundi, rubani tunamuazima tu, na akirudi tunamkagua yeye kwanza, umeifanyia nini ndege yangu? Jina la krew chifu, yule fundi mwenye dhamana ya ndege, linaandikwa kwa rangi ubavuni mwa ndege, na niliwahi kumwona mtu mzima anapiga picha ya herufi za jina lake na kumtumia mama yake kabla rangi haijakauka.

Marubani na wao wana maneno yao. Wanaandika kwenye fomu kitu kama, mlio wa ajabu upande wa kushoto, basi, hakuna zaidi. Mlio gani? Wa kugonga, wa kusaga, wa kulia? Ukiwasha injini chini hausikiki, unaandika kwamba umejaribu haukujirudia, kesho rubani anaandika tena mlio upo, na mnaweza kuandikiana hivyo wiki nzima kama wachumba waliogombana, mpaka siku moja rubani mwenyewe anashuka, anakuja kukaa na nyie chini ya bawa, anauiga ule mlio kwa mdomo wake mbele ya mafundi wote. Meja mzima anafanya nguuu nguuu nguuu. Tulicheka mpaka machozi, na tulijua tatizo ni nini dakika ileile.

Vijana wapya wanatumwa vitu visivyokuwepo. Hii ipo kila jeshi duniani nadhani. Alikuja kijana mmoja kutoka Ohio, mpole, mkubwa wake akamwambia kalete funguo za ndege. C-130 haina funguo ya kuwashia. Akaenda kwa watu wa injini, wakamwambia waliazima watu wa haidroliki, wa haidroliki wakasema wanazo watu wa umeme, wa umeme wakampeleka kwa watu wa matairi, kila alipofika wanamuuliza jina, ametoka wapi, wanampa biskuti, wanamsogeza mbele. Aliporudi jioni alikuwa amejua karakana zote za kituo na karakana zote zimemjua. Huo ndo utani ninaoutetea. Kuna aina nyingine, ya kumdhalilisha mtu mbele za watu kwa sababu ya lafudhi yake au rangi yake, hiyo nimeiona pia na sio utani, na wakubwa wazuri niliofanya nao kazi walikuwa wanaikata palepale bila kungoja malalamiko.

Na sheria moja ambayo haijaandikwa popote, mizaha haigusi ndege yenyewe. Hufichi kifaa cha mtu, hubandiki kitu ndani ya chumba cha rubani, hufungui bolti ili mtu ashtuke. Mdomo tu.

Majina ya ndege nyingine nitayapitia haraka. A-10 ni Ngiri, na kwa sisi tuliokua na ngiri kweli jina limekaa sawasawa, sura mbaya, shingo ngumu, mtutu wa bunduki ya milimita 30 umetokeza puani kama pembe. Watu wa A-10 wanajivunia ubaya wake kuliko watu wa ndege nzuri wanavyojivunia uzuri, na wana haki, Aprili 2003 rubani mwanamke, Kim Campbell, alipigwa juu ya Baghdad, haidroliki zote zikaisha, akairudisha Ngiri nyumbani kwa kuvuta nyaya kwa nguvu za mikono. C-17, ya mizigo, ni Kongoni wa kule kaskazini, moose, kwa ule mlio wake wakati inajazwa mafuta. B-52, ya mabomu, inaitwa kwa herufi za maneno manne, la kwanza likubwa, la pili libaya, la tatu linene, la nne mwachie mwanajeshi aliseme mwenyewe. Ya mwisho ilitoka kiwandani 1962 na wanaibadilishia injini ili iendelee mpaka miaka ya 2050. Kuna familia ambazo babu, baba na mtoto wote wameirusha. Sasa ndege iliyomlea babu yako utaitania vipi usiitanie kama bibi? Nao ndo wanavyofanya.

C-5, ile ya mizigo iliyo kubwa kuliko zote jeshini kwetu, inasemwa kwamba haijawahi kuharibikia mahali pabaya, ikifa inafia Hawaii au Hispania. Watu wa C-5 wanakataa huku wamebana kicheko.

Jeshi la Anga lote kwa pamoja tunaitwa Jeshi la Viti na wale wa nchi kavu, kwamba tunalala kwenye viyoyozi na kula vizuri. Marini, wale askari wa kikosi cha Marines, tunawaambia wanakula krayoni, zile rangi za watoto za kuchorea. Nimeshuhudia marini mmoja kwenye ndege yetu, tumempakia na wenzake na mizigo yao saa kumi alfajiri, akatoa paketi ya krayoni kwenye begi, akamgawia kila fundi mmoja, akasema chukueni tumboni msikae njaa. Hiyo krayoni ilitundikwa ukutani kwetu.

Kuna kitu kimoja Dyess hakitaniwi. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 2015, Jalalabad, Afghanistan, C-130J yenye wafanyakazi kutoka Dyess ilianguka mara tu baada ya kupaa. Wakati wa kupakia, ili mzigo mrefu uingie vizuri kwa nyuma, rubani aliweka kasha gumu la miwani ya kuonea usiku mbele ya usukani ili mkia ubaki umeinuka. Walipomaliza, gizani, kasha lile halikutolewa. Ndege ilipaa, pua ikapanda juu mno, wakadhani ni hitilafu nyingine, na chini ya nusu dakika ilikuwa chini. Walikufa 14, 11 waliokuwa ndani na Waafghani 3 waliokuwa ardhini. Mi nilifika Dyess baadaye, sikuwajua. Lakini nilifundishwa habari ile na mtu aliyewajua, na alivyoisimulia hakukuwa na mkubwa wala mdogo mle chumbani, na hakuna aliyemlaumu rubani, kilichozungumzwa ni mikono ya wote, nani anaangalia nini kabla mlango haujafungwa. Alipomaliza alikaa kimya kidogo, alafu akaanza kusimulia mmoja wao alivyokuwa anaimba vibaya, alivyokuwa anakataliwa kuimba kwenye redio na anaimba hivyohivyo, na akaigiza ile sauti yake. Watu wakacheka huku wanalia. Nikamkumbuka Mzaramo aliyevaa koti la baba yangu mdogo siku ya mazishi kule Tabora, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, na mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Alafu kuna ile ya Mei 2018, ya watani zetu. B-1 ya Dyess ikiwa angani injini ikashika moto, moto ukagoma kuzimika, wakaamua kuruka kwa viti. Wa kwanza akavuta, mfuniko wa juu yake ukafyatuka ila kiti hakikutoka, amebaki amekaa kwenye tundu wazi, upepo wote unampiga, na kiti chini yake kinaweza kulipuka muda wowote. Wenzake watatu walikuwa bado hawajavuta vya kwao. Kamanda wa ndege akasema hapana, hatumwachi, wakaigeuza wakaishusha Midland, Texas, wote wanne wakatembea kwa miguu yao, na baadaye wote wanne wakapewa nishani ya urubani. Nchi nzima ilijua baada ya wiki chache, sisi ni majirani, habari inatembea hangari kwa hangari. Na nakwambia, kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna mtu wa C-130 aliyewauliza zile nyingine je. Mtu wa B-1 akija anapishwa mbele. Wao wenyewe ndo walioanza tena, mmoja wao alisimama akatuangalia akauliza, nyie wazoa taka mnaumwa? Tukajua ruhusa imerudi.

Sasa hivi B-1 zinazeeka na Dyess imechaguliwa kuwa mojawapo ya vituo vya B-21, ile mpya, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 2023 kule California. Jina lake rasmi ni Raider, kwa heshima ya wale marubani walioishambulia Tokyo mwaka 1942 wakiongozwa na Doolittle. Jina zuri, nalikubali, ila mafundi bado hawajalala chini yake usiku wa baridi, hawajajua inavujia wapi, hakuna aliyegombana nayo. Inangoja jina lake lenyewe. Na litatoka kwa watu wake wa kwanza kabisa, vijana wa miaka 19 wenye mikono ya mafuta, au litatoka ng'ambo ya uwanja kwa watu wa C-130 ambao watakuwa wanaiangalia inaingia na kuanza kuichokoza kabla haijaegeshwa. Nina marafiki bado wako pale pande zote mbili na nimeshawaambia, siku hiyo mtu anipigie, hata kama kwangu ni usiku wa manane, nataka nisikie wameanza na lipi.